Mawimbi kwenye Kisu cha Bonifas

Mkwe wangu Editha, mke wa mwanangu Kelvin, hajui kukaa bure. Akiona sufuria lina masizi, atalisugua mpaka ujione sura. Jumapili asubuhi nilikuwa nakaanga vitumbua hapa nyumbani Magomeni, akaniletea kisu huku anatabasamu.

"Mama, nimekitakatisha. Kilikuwa kimeshika kutu, cheusi tii!"

Kutu! Kile ndicho kisu cha mwisho alichotengeneza marehemu mume wangu, Bonifas. Nilimpokonya, mikono imejaa mafuta, nikakigeuzageuza kutafuta mawimbi yake. Hakuna kitu. Kilikuwa cheupe kama kijiko cha dukani. Nililia mbele ya mkwe, wala sikuona aibu.

Bonifas alikuwa mhunzi. Aliokota springi za malori ya miwa kule Kidodi na misumeno iliyokatika, akaviunganisha motoni, akavikunja na kuvigonga mpaka vikawa chuma kimoja. Kisha ikaja kazi niliyoipenda. Mimi nachemsha ukwaju mzito, yeye anachovya kisu. Taratibu sehemu nyingine zinakuwa nyeusi, nyingine zinabaki nyeupe, na mawimbi yanajitokeza kama mistari ya ubao wa mninga. Visu vile vilifika hadi Mikumi, watalii wakavigombea. Uani kulinukia ukwaju, na yeye anaimba, sauti mbaya hiyo! Namkumbuka mno.

"Nisamehe mama," Editha alisema, machozi yakimlengalenga. "Nilidhani uchafu."

Nikafungua mdomo nimpashe. Ndipo nikakumbuka kwamba Bonifas mwenyewe alikuwa akikisugua kisu mpaka kiwe cheupe kabla ya kukichovya. "Mawimbi hayako juu, mke wangu," aliniambia. "Yamo ndani. Ukwaju unayaita tu."

"Umekisugua na nini?" nikamuuliza Editha.

"Majivu, mama."

"Basi bandika maji. Na ukwaju uko kabatini."

Tukakichovya. Vitumbua viliungua, hakuna aliyejali. Kazi hii sikuwahi kuifanya bila Bonifas. Tulipokitoa na kukisuuza, mawimbi yalikuwepo yote, kuanzia mpinini hadi nchani. Editha akapiga kigelegele.

Ila karibu na mpini palibaki doa jeupe la dole gumba. Langu. Ukwaju haushiki penye mafuta, ndiyo maana enzi zile Bonifas alikuwa akinifokea kila mara, "Usiguse, mama vitumbua!"

"Nikisugue tena, mama, turudie?" Editha aliuliza.

Nikaweka dole gumba juu ya lile doa. Lilienea sawasawa.

"Kiache hivyohivyo, mwanangu," nilimwambia. "Wa kunifokea hayupo."