Mke Mwenza Aliyekuwa Namba

Tik. Kisha kimya. Kisha tik nyingine, ndogo kama mjusi anayetafuna kitu nyuma ya kabati.

Alfajiri ilikuwa haijapambazuka na chumba kilikuwa giza tupu, lakini mke hakuhitaji taa kujua ni nini. Ilikuwa simu ya mumewe. Mwenyewe kajigeuzia ukutani, kajifunika shuka hadi utosini, na mwanga unapenya kwenye nyuzi za shuka.

"Unaandikiana na nani saa hizi?"

"Nani, mimi? Naangalia saa tu. Lala, mama watoto."

Mama watoto! Mtoto mwenyewe ni mmoja, yule pale kwenye kitanda chake kidogo, mguu nje. Na saa gani hiyo ya kuangaliwa kila alfajiri ya Mungu mpaka kuche?

Mumewe alikuwa fundi wa majokofu, mtu wa maneno machache. Mke, kazi yake katika kituo cha utafiti ilikuwa kuunganisha kumbukumbu za watu. Watu waliojitolea walikubali kiprogramu kikae kwenye simu zao na kurekodi wanakopita mtandaoni: wamefungua nini, lini, wakatoka wakaenda wapi. Kituo cha utafiti kilitaka kujua watu wanaishije humo ndani, wanajifunzaje, wanadanganywaje, wanapendanaje. Jina la mtu hufutwa, ikabaki namba. Hata kurasa zenyewe hufichwa, ikabaki aina yake tu: soko, mpira, somo, soga. Yeye alishona pande mbili, nyayo za mtandaoni upande huu na majibu ya dodoso upande ule, namba kwa namba, ili fungu zima la kumbukumbu hizo lipelekwe kituo kingine, nacho kilitumie. Sheria kubwa ilibandikwa ukutani, juu ya birika la chai: HATUMTAFUTI MTU.

Siku hiyo alimtafuta.

Wala hakusumbuka. Mumewe alijitolea siku moja alipokuja kumchukua mkewe kazini, akapewa kofia, na kofia hiyo anaivaa mpaka leo. Basi: kwenye dodoso mwanamume, fundi wa majokofu; mtandaoni jioni mpira, alfajiri macho. Ikajitokeza namba moja tu.

Nayo ilikuwa inamfuata mtu.

Kuna namba nyingine, ya mwanamke, ilipita jioni soko, kisha somo, kisha soga, kisha somo tena. Alfajiri yake fundi anapita papo hapo, kwa mpangilio uleule, kama kuku anayefuata mtama uliodondoka njiani. Leo hivyo, kesho hivyo.

"Dada, mbona umekunja uso kama umelamba ndimu?" aliuliza mwenzake wa meza ya pili, ambaye wote walimwita Miwani.

"Kuna mwanamke humu."

"Humu wako maelfu."

"Huyu ana mwanamume anayemfuata kila aendako."

Miwani akacheka. "Basi ana bahati. Wa kwangu hanifuati hata dukani." Kisha akautazama ule ukuta wa birika, akamtazama yeye, akarudi kwenye kazi yake.

Tangu hapo namba ile ikawa mke mwenza. Akipika, anajiuliza yule anapika nini. Akijitazama kwenye kioo, anajiuliza yule ana shingo ya namna gani. Nyumbani sufuria ndizo zilizojibu badala yake.

"Kuna nini?" mumewe aliuliza.

"Waulize wanaojua."

"Wanaojua nini?"

"Wanaojua kuangalia saa."

Mume akakuna kisogo, akaenda kumkosha mtoto miguu.

Siku ya mwisho kabla fungu halijatumwa, akashindwa kujizuia. Akafungua dodoso la mke mwenza. Mwanamke. Ameolewa. Ameolewa! Ana wake na bado anataka wa mwenzie! Mtoto mmoja. Anasoma darasa la jioni. Kikulacho ki nguoni mwako: bila shaka ni yule wa dawati la mbele, kwenye darasa analosoma yeye jioni, mwenye kicheko kama soda inayofunguliwa.

Akashuka hadi swali la mwisho, lile ambalo mtu hujibu kwa maneno yake. Unasoma kwa ajili ya nini?

"Kwa ajili ya mwanangu, aje aniulize mimi hesabu zake, asimuulize jirani."

Maneno yale aliyajua. Aliyaandika yeye mwenyewe, kabla hajaajiriwa, jioni ile mwalimu alipowaandikisha darasa zima kwenye utafiti huu. Kiprogramu kilibaki kwenye simu yake, akakisahau. Na zile simu zao mbili zilikuwa zinatumia akaunti moja, tangu enzi walipokuwa na simu moja ya kugombania. Kila alichofungua yeye, mumewe alikiona. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Wiki nzima alikuwa anajionea wivu.

Alitaka kucheka, akaacha. Kama yeye alimpata mwanamume kwa majokofu yake, na mwanamke kwa sentensi moja, huko fungu linakokwenda atashindwa nani? Angeweza kufunga na kunyamaza, hakuna aliyemwona. Akainuka, akabisha mlango wa Mkuu.

"Mkuu, nimemtafuta mtu."

Mkuu, mama wa makamo, akaweka kalamu chini. "Ukampata?"

"Nimempata mume wangu. Halafu nikajipata mwenyewe."

"Ulikuwa unatafuta nini?"

"Wivu tu, mama."

Mkuu akafunga daftari lake.

"Na huko linakokwenda fungu," mke akaongeza, "nao wana waume na wake."

"Haliendi," Mkuu alisema. "Mpaka tuyaondoe maneno ya watu na tuzififishe saa zao. Umefanya vizuri kusema. Lakini meza ile utaiacha. Kesho utakaa mapokezi, na kurudi kwako sikuahidi."

Alfajiri ikafika. Tik.

Safari hii mke aliinua shuka, akaingiza kichwa. "Sogea."

Kwenye kioo cha simu kulikuwa na somo lake la juzi, la wastani, na mume kidole kiko mstari wa pili.

"Hili si somo langu?"

Mume akauondoa mkono kwenye kioo. "Ukirudi jioni unasema maneno siyajui. Sampuli, sijui wastani. Unacheka na wenzako kwenye simu. Nikaona siku moja utanitazama uone jokofu bovu."

"Si ungeniambia?"

"Ningesemaje? Mke wangu, nifundishe?"

"Ehe. Hivyo hivyo."

Mume akamgeukia. "Na huyo mwalimu wenu, ana mke?"

"Ana mke, ana wajukuu, na goti limemkataa kupanda ngazi!"

Wakacheka chini ya shuka. Kisha akamweleza yote, namba, dodoso, meza aliyoipoteza. Mume akaishusha simu kifuani.

"Umenichungulia."

"Nimekuchungulia. Nisamehe."

"Na mimi nilikuwa nakuchungulia." Akasogeza simu katikati ya mito miwili. "Haya, mwalimu. Hapa wanagawanya kwa nini?"

Kitanda kidogo kikalia. Nyayo za miguu mitupu zikavuka sakafu, shuka ikavutwa, na mtoto akasema, "Nataka kukaa katikati."