Meza ya Kavuo

"Mama, usikae pale," Esdras alimwambia mwanamke aliyekuwa ameshavuta kiti, kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni. "Kwa ile meza banachezeaka Ebola. Enda kwa ya viazi."

Mwanamke akakirudisha kiti haraka kama mtu aliyeponea chupuchupu kukalia siafu. Kavuo hakuinua kichwa. Aliendelea kupanga vifungo juu ya ubao wake wa triplex: vikubwa vya koti kwa wazee, vya shati kwa vijana, na vile vidogo vya nguo za kitoto kwa watoto, kila ukoo ndani ya nyumba yake iliyochorwa kwa rangi. Alikuwa fundi wa cherehani hapo mtaani Kimemi, na vifungo ndiyo mali aliyokuwa nayo.

Ilikuwa siku ya michezo mipya ya mezani, na nusu ya Butembo ilikuwa imejisonga ndani ya ukumbi ule kuonja michezo ambayo bado haijauzwa popote. Lusenge alileta mchezo wa kusafirisha viazi kutoka Luofu kabla havijaoza, na meza yake ilizungukwa na makelele tangu asubuhi. Jordy alileta karata za mamotari, wale wa bodaboda, wanaokwepa mashimo ya barabara, na watu walicheka hadi machozi, maana mashimo yenyewe waliyajua kwa majina. Madame Ngalula, mwalimu aliyetumwa na serikali kutoka Kasai, ndiye aliyeiandaa siku hiyo. Sheria yake ilikuwa moja: mchezo utakaochezwa hadi mwisho na wageni watatu, wasio waandaaji wala wenye michezo, utapelekwa Beni kuonyeshwa huko. Usiochezwa, mwenyewe aubebe arudi nao kwake. Jua lilikuwa limeanza kuteremka, na mezani kwa Kavuo hata nzi alikuwa hajatua.

Huko Mangina, ule mwaka wa Ebola, Kavuo aliugua akapona. Kisha akapewa kazi ya kuwalisha na kuwaosha wagonjwa ndani ya vyumba vya plastiki. Majirani hawakumsamehe. Aliyevaa zile nguo nyeupe za kujikinga alikuwa mmoja wa wale walioleta ugonjwa, walisema, na alikula nao sahani moja. Matusi hayo Kavuo alishayazoea. Mtu huzoea hata kiatu kinachobana.

Ambaye Kavuo hakuweza kumzoea alikuwa ameketi mlangoni mwa ukumbi, nyuma ya beseni la maandazi. Huyo alikuwa Kahongya, dada yake mkubwa, tumbo moja, yule aliyemwita yaya. Binti wa Kahongya, Elsa, alifia ndani ya kimoja cha vyumba vile vya plastiki, na Kavuo ndiye aliyeziba mlango. Kahongya alipotaka kuingia kwa nguvu, Kavuo alimpigia kelele mbele ya watu wote: "Yaya, utatuua wote!" Kifo Kahongya alimwachia Mungu. Maneno yale hakumwachia mtu. Tangu siku hiyo hakumwita mdogo wake kwa jina, na wakikutana sokoni aligeuza shingo akatazama mafungu ya nyanya hadi Kavuo apite.

Ndiyo maana Kavuo alichora ubao ule. Alishajaribu kueleza, akafungiwa mlango. Alituma padri, padri akarudi na jibu la kimya. Sasa alitaka mtu acheze tu, hatua kwa hatua, aone kwamba mlango ule haukuzibwa kwa chuki. Angependa mtu huyo awe Kahongya, lakini kwa kuwa hilo lilikuwa ndoto ya mchana, alikuwa tayari kupokea yeyote.

Alimpata Esdras. Esdras muuza misumari, mtu mwenye mdomo usio na kufuli, alivuta kiti akakaa kwa kishindo.

"Nacheza," alisema. "Batu baone vile iko bure. Nani mwingine?"

"Mimi," akasema Madame Ngalula.

"Madame, si ulisema bageni tu?"

"Na miye si mugeni? Tangu nifike hapa munaniitaka mugeni ata kwa soko. Leo mumesahau?"

Watu wakacheka, Esdras akakunja uso. Akabaki kutafuta wa tatu, na macho yake yakaenda mlangoni. Uovu mwingine hautafuti faida. Unatafuta watazamaji tu.

"Mama Elsa!" akaita. "Kuya uone vile mudogo yako anachezea mutoto yako!"

Watu waligeuka, hata wa meza ya viazi. Kahongya alisimama, akapangusa mafuta mikononi kwa kitenge, akapita katikati ya watu. Kavuo alidhani atapindua ubao. Alitandaza viganja vyake juu ya vifungo, kama vile vingeweza kuumia. Kahongya akakaa.

"Eleza," alisema, akiutazama ubao tu.

Kavuo akaeleza. Kila mchezaji ana nyumba. Ugonjwa unaingia kwa karata. Kifungo kinachougua kinatolewa, kinawekwa ukingoni chini ya kifuniko cha plastiki, kifuniko cha bakuli tu, chenye kuonyesha. Hakuna kifungo kingine kinachoruhusiwa kukifuata. Karata zikiisha salama wote wanashinda pamoja; kifungo kimoja kikikifuata cha ukingoni, wote wanashindwa pamoja.

Esdras alianza kwa makusudi ya kuharibu. Nyumba ya Ngalula ilipopata msiba, alipeleka huko wazee wake wawili. "Kwetu mutu akikufa tunaendaka kulia," alisema kwa majivuno. "Hapana bakiaka kwa nyumba kama mbwa." Karata iliyofuata ikawalaza wazee wote wawili, na mjukuu juu yake. Mkuki kwa nguruwe! Akaacha kutabasamu. Akavuta kiti mbele, akaanza kuhesabu njia kwa kidole, akamkaripia Ngalula kwa kuchelewa, na kabla hajajua, alikuwa anacheza kweli, jasho juu ya pua. Walinusurika pale, wakanusurika tena. Zilibaki karata mbili tu washinde, na zamu ilikuwa ya Kahongya.

Akafunua. Ugonjwa ulikuwa nyumbani kwake, kwa kifungo kidogo kuliko vyote.

Kavuo akakichukua kwa ncha za vidole, akakiweka ukingoni, akakifunika. Kilionekana vizuri sana kupitia plastiki.

"Na mama yake?" Kahongya aliuliza.

"Mama anabakia kwa nyumba, yaya."

"Nani alisema?"

"Ni sheria ya mchezo."

"Nimekuuliza nani alisema."

Kavuo alikisogeza kifuniko kikae sawa. Watu walikuwa wamesongamana nyuma ya viti, wakinuka mvua ya asubuhi na maandazi.

"Alilia?" Kahongya aliuliza tena. Hakuwa anazungumzia kifungo.

"Alikuita. Mara mingi."

"Ulimushika mukono?"

"Nilimushika mpaka mwisho."

"Na gant ya mupira mukononi."

"Na gant, yaya. Mbili mbili."

Kahongya alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeletewa habari ambayo alishaijua. "Donc mutoto yangu alikufaka bila ngozi ya mutu," alisema. Akainua kifungo kikubwa cha koti, cheusi, kutoka nyumbani mwake. Akakipeleka ukingoni, akafunua kile kifuniko.

Esdras aliruka juu, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Mama, hapana! Imebakia moja tu! Utatuua wote!"

Maneno yalipomtoka Esdras, Kavuo alifumba macho. Esdras naye akajisikia, akabaki mdomo wazi, akitazama mkono wa Kahongya.

Kahongya alimtazama. Hakumtazama kwa hasira.

"Kumbe ata weye," alisema. "Sababu ya vifungo tu."

Kisha akakilaza kifungo cha koti ubavuni mwa kile kidogo, hadi vikagusana, akafunika.

"Tumeshindwa," Ngalula alisema kwa sauti ya chini. Kisha akarudia kimwalimu. "Mumeshindwa, mais mumemaliza. Sheria ni sheria. Huu utaenda Beni."

"Mchezo mubaya," Esdras alinong'ona, akaokota kiti chake, akaondoka bila kutafuta watazamaji.

Ngalula akanyoosha mkono kukusanya vifungo vitiwe katika katoni ya safari. Kahongya akamshika kifundo cha mkono.

"Acha." Kisha, kwa upande wa Kavuo, bila jina, bila kumtazama: "Usimutoe pale."

Akarudi kwenye beseni lake.

Jioni Kavuo aliikataa katoni ya Beni. Aliubeba ubao mikononi, umelala sawa, kidole gumba kimoja juu ya kifuniko, akapita nao katikati ya matope ya Kimemi. Watu walimtukana kwa kuziba njia. Muuza makaa alimwambia atoke na uchawi wake. Mbele yake, hatua chache, alitembea Kahongya na beseni tupu kichwani, hakupunguza mwendo wala hakugeuka.

Kwenye mteremko motari mmoja alikuja kwa kasi, honi ikilia, moja kwa moja kuelekea ubao.

"Kipofu weye!" Kahongya alimfokea, akisimama katikati ya njia na mkono juu. "Hauone mutu anabeba? Pita kule!"

Motari akatukana, akakwepa, akawarushia wote wawili matope. Kahongya alishusha mkono, akaanza tena kutembea. Kavuo alimfuata bila kujipangusa, mikono yote miwili chini ya ubao, akichagua pa kukanyaga ili vile vifungo viwili visiachane.