Karatasi ya Kavira Mwingine

Batu ba Vulamba balianza kusema kama Rébecca amekuwa mutu wa heshima sana mu buzee yake. Mbele, alikuwaka anapita mu avenue sawa upepo, kitunga ku mugongo, kamba ku paji ya uso, anatupa salamu "Wavukire" moja tu, na jibu itamufuata kama inaweza. Sasa ku kila mulango anasimama. Anauliza habari ya batoto, ya mbuzi, ya mukwe, mpaka ya kuku yenye ilipoteaka mwaka ingine.

"Mama Phinées ameokoka mara ya pili," jirani moja alisema, na bengine balicheka.

Hakuokoka kitu. Alikuwa anatafuta pumuzi. Kutoka ku maji mpaka ku nyumba yake kuko kilima moja, yenye alipandaka tangu siku aliolewa, miaka makumi ine na moja, bila kuiwaza hata. Sasa ile kilima ilikuwa inaongezeka kila juma. Milango tano ya kusalimia njo ilikuwa milango tano ya kupumua. Moyo ilikuwa inapiga mu masikio sawa mutu anatwanga sombe. Na ile kuchoka! Anaenda kulala nayo, anaamuka nayo, sawa mutu alilima usiku muzima.

Hakumuambia mutu. Mpaka siku ya yenga moja mu kanisa. Mu chorale ya bamama, yeye njo mwenye kutosha wimbo. Alifungua kinywa, akatosha mustari wa kwanza, na ku mustari wa pili hakukuja kitu. Kinywa wazi, sauti hapana. Bamama bote balimungoja na vinywa wazi vilevile, sawa batoto ba ndege. Kiisha akaikala chini, palepale ku sakafu.

Ile mangaribi bwana yake, muzee Kasonia, alipiga simu Beni kwa mutoto wao wa kwanza. Phinées alikuwa na nyumba mu commune ya Beu, fasi ya sawasawa, hakuna kilima.

"Ni buzee tu, Papa," Phinées alisema, na simu ilikuwa inalia nguvu, Rébecca alisikia yote. "Mama amelima, inatosha. Samedi nakuja na voiture. Mukuje bote mukae huku, hata godoro nimeshanunua. Shamba tutapatia mutu."

Kasonia aliweka simu. "Umusikie mutoto wako. Sisi ni sawa camion ya Kirumba. Ikianza kutosha moshi ku kila kilima, dawa ni kuitafutia njia ya sawasawa."

"Camion ikitosha moshi, mécanicien anafunguaka moteur," Rébecca alijibu. "Haihamishake Beni."

"Mais, Mama Phinées, kuzeeka haiko haya."

"Nani anaona haya? Mama yangu alilima mpaka miaka makumi nane. Buzee inakujaka pole pole, inapiga hodi, inangoja. Hii iliingia kwangu mu miezi tatu na viatu ku miguu. Hii iko na jina. Mbele ya samedi nitaijua."

Lundi asubui akaenda ku dispensaire. Balimupima tension, balimutosha damu ku kidole, balimuambia aikale ku banc. Kulikuwa bamama mingi pale. Kiisha infirmier, kijana moja anaitwa Luc, akatoka na makaratasi mu mukono.

"Kavira!"

Bamama bane balisimama.

Kwetu Banande, mutoto anapewaka jina kufuata namna anafuatana na bandugu yake mu kuzaliwa. Donc mu kila famille, karibu, kuko Kavira, na ku banc ya dispensaire Bakavira hawakosekanake. Rébecca naye ni Kavira; Rébecca ni jina ya ubatizo tu. Bote bane balicheka, na Luc alicheka.

"Bakavira bote, mukuje tu!"

Akagawa makaratasi sawa mutu anagawia batoto mukate, moja wewe, moja wewe. Alipofika kwa Rébecca, akaangalia namba. "Mama, damu yako iko treize, kumi na tatu. Hata miye sina ya vile. Yote ni normal. Ni buzee. Upumuzike."

Alirudi na karatasi, akaiweka mu kopo ya sukari. Kasonia alianza kufunga masufuria mu blanketi. Mercredi, Rébecca alimukuta inje, anagonga majembe ku jiwe juu ya kutosha mipini, apate namna ya kuyafunga mu gunia. Ku kila kugonga, jembe moja inaanguka chini. Alisikia uchungu sawa banamugonga yeye.

Akaingia mu nyumba, akavaa lineti ya macho, akatosha ile karatasi mu sukari. Alikuwaka anasoma pole pole, neno kwa neno, sawa mutu anachagua maharagi. KAVIRA. Sawa. F. Sawa. 23 ans.

Akasoma tena.

"Baba Phinées! Niko na miaka ngapi?"

"Soixante-quatre, makumi sita na ine. Ao unataka nikupunguzie?"

"Karatasi inasema vingt-trois."

Kasonia akaingia na jembe mu mukono. "Ee! Njo maana banasema uko muzima. Uko musichana! Kesho natafuta mbuzi, nakuposa tena." Akachukua karatasi, akaiangalia karibu na dirisha. Kicheko ikaisha. "Mama Phinées. Hii haiko yako."

"Haiko yangu. Yangu iko kwa mutoto wa miaka vingt-trois, na banamuambia kitu yenye haiko yake."

Jeudi asubui balikuwa mbele ya Luc. Luc akaangalia karatasi, akaangalia Rébecca, akaangalia karatasi tena. Jasho ikatoka ku pua yake.

"Mama, munisamehe. Mais mutu wa laboratoire alienda ku kilio, Kirumba. Anarudia lundi."

"Samedi bananihamisha Beni."

"Pole, Mama."

"Pole haipimake damu, mutoto yangu. Fungua registre."

Mu registre balimupata: Kavira Joyeuse, 23 ans, kule juu kabisa, nyuma ya tanki ya maji. Kavira wa pili na wa tatu balikuwa bamama ba malaria, karatasi zao zilikuwa sawa.

"Ni kupanda, Mama," Luc alisema. "Na mvua imeharibisha njia, pikipiki haipite. Miye niko peke yangu na bagonjwa. Mungoje."

"Nilingoja miezi tatu."

Ile njia ilikuwa imesimama sawa ukuta. Mais Rébecca alikuwaka mubebaji tangu butoto, na babebaji ba kamba banajua kitu moja: unapumuzika mbele uchoke, hapana kiisha. Hatua fupi. Mikono ku kiuno. Kinywa kufunga. Alihesabu hatua makumi mbili, akasimama. Makumi mbili tena. Nyuma yake Kasonia alikuwa anakuja na kiti kidogo ya mbao ku kichwa, na ku kila kusimama anaiweka chini ya bibi yake mbele hata aiombe.

"Muzee, munahamia wapi?" kijana moja aliuliza.

"Hatuhame. Tunatembeza kiti."

Ku katikati, hatua makumi mbili zikawa kumi na tano. Kiisha kumi. Kiisha tano. Macho ya Rébecca ilikuwa inaona nyota-nyota mu muchana. Kasonia akaacha kuchekesha.

"Turudie. Nitapanda peke yangu, nitaleta karatasi."

Rébecca akapima pumuzi kidogo yenye iko nayo, juu maneno nayo inaikula. "Wewe... ukienda peke yako... batakuambia Kavira hayuko... na utarudia. Nakujua."

Ilikuwa kweli. Kasonia akainua kiti.

Joyeuse alikuwa analala, blanketi mpaka ku shingo, muchana kweupe. Mama mukwe yake alikuwa anamunywesha na kijiko maji ya majani ya lenga-lenga, juu damu ipande.

"Balisema damu yangu iko six," Joyeuse alisema, na machozi karibu. "Miye nilikuwa nimeenda tu juu ya kichwa kuuma. Tangu lundi najisikia kufa. Hata miguu imekuwa baridi."

"Toa hiyo karatasi," Rébecca alisema. "Soma miaka yako."

Joyeuse akasoma. Akasoma tena. Akatupa blanketi, akasimama ku kitanda na miguu yake mibili, sawa mutu balimufungua mu kamba. "Soixante-quatre! Mama, niko muzima! Angalia, niko muzima!"

"Muzima?" mama mukwe alisema. "Siku ine sijalala, natwanga lenga-lenga! Bidon ya maji iko ku mulango, inakusalimia."

Balicheka bote mu ile chumba, na Rébecca alicheka mpaka akakamata ukuta. Kiisha akakamata karatasi yake. KAVIRA. F. 64 ans. Hémoglobine 6. Woga ikamupita mu mugongo. Na nyuma ya woga kukakuja kitu ingine, karibu furaha: haikuwa buzee. Haikuwa uvivu, haikuwa mawazo, haikuwa ulozi ya mutu. Ilikuwa namba, na namba inaweza kupanda.

Vendredi Luc alimuita yeye mwenyewe, akafunga mulango.

"Mama, uko na damu kidogo sana. Kuko fasi inatokea. Unameza dawa gani?"

"Hakuna dawa. Ni comprimé ya magoti kuuma tu. Ya ku boutique. Asubui na mangaribi."

"Tangu wakati gani?"

"Karibu miaka mbili."

Luc akaweka kalamu chini. "Uiache leo hii. Zile comprimé zinawezaka kuchubua tumbo, na damu inatoka pole pole ndani, hauione. Miye siwezi kusema ni vile kabisa. Hospitali kubwa baangalie. Na usingoje."

Samedi, saa ine, Phinées alifika na voiture. Alikuta mama yake ameshavaa kitenge ya kanisa, anaikala ku mulango, mukoba ku magoti. Alifurahi, akamupandisha mbele mu voiture.

"Ee, Mama! Nilizani utanipiganisha. Tuende Beni."

"Hospitali."

"Mama, hata Beni kuko bahospitali."

"Mu masaa ngapi? Hii ya hapa iko mu dakika kumi." Akamuonyesha karatasi, akangoja asome mpaka ku six. Kiisha akasema pole pole, juu ya pumuzi: "Phinées. Nikienda Beni leo, nitaenda sawa kizee, na kizee harudiake. Nikienda hospitali, nitaenda sawa mugonjwa. Mugonjwa anapona, anarudia kwake. Sasa uwashe."

Phinées aliangalia baba yake. Kasonia alikuwa ameshapanda mu nyuma, na masufuria, na gunia ya majembe, na kiti.

"Usiniangalie," Kasonia alisema. "Miye naendaka fasi kiti inaenda."

Ku hospitali balimuingizia mu koo kamba yenye taa, ya kuangalia tumbo, bakaona kidonda mu tumbo, ya zamani, yenye inatosha damu tone kwa tone. Docteur, mama moja anaitwa Élise, alisema dawa iko, na kidonda itafunga, mais kwanza damu iingie. Mutu wa famille atoshe. Balipima Kasonia: tension ilikataa. Balipima Phinées: inaendana.

Donc ile mangaribi mama na mutoto balilala mu chumba moja. Damu ya Phinées balikuwa bameshaipima na kuiweka mu mufuko, na mufuko ilikuwa inaning'inia juu ya Rébecca, nyekundu, inashuka. Phinées, mukono ufungwe, alikuwa anaangalia chini sawa mutu balimugombeza.

"Mama," alisema ku mwisho, "nilisema ni buzee. Sikuuliza hata."

"Hata. Ulinunua mpaka godoro."

"Ee. Iko inakungoja ku Beu."

Rébecca akaangalia mufuko, akaangalia mukono yake. "Ulitaka nihamie Beni. Sasa angalia, Beni njo inahamia ndani yangu."

Phinées akacheka, akakamata mukono yake yenye ilichomwa na sindano, akacheka tena.

Élise akapita kuangalia. "Mama, unajisikia namna gani?"

"Nitashika jembe siku gani?"

"Eh! Hapana kusema jembe. Miezi mbili, pengine tatu, tutaangalia."

"Sawa, Docteur," Rébecca alisema na heshima yote. Akafunga macho. "Nitauliza tena kesho asubui."