Nzi Watano wa Mto Nukui

Chama cha wavuvi wa Mto Nukui kilipokata shauri kuweka ubao pale darajani, wa kuwaambia wageni wavulie nzi gani, kazi ya kuchagua ilimwangukia Shigezo, tarishi mstaafu. Nani mwingine? Nyumbani kwake alikuwa na nzi wa bandia mia tatu na arobaini, wote kawafunga kwa mkono wake: kila mmoja ndoana ndogo iliyovikwa uzi na unyoya, ili iwana, samaki wa maji baridi ya mlimani, adhani ni mdudu na kuingia mkenge.

"Watano tu, Mzee Shigezo," alisema mwenyekiti, Bi Fumiyo, ambaye alikuwa kinyozi na alizoea watu wamsikilize bila kutingisha kichwa. "Ubao wenyewe mdogo. Halafu Jumapili utatuonyesha mtoni jinsi kila mmoja anavyonasa."

"Watano wengi mno, mama," Shigezo alijitapa. "Mimi hata watatu wananitosha."

Alipofika nyumbani akakuta hata mia hawatoshi. Aliwatandaza mezani, akawatandaza dirishani, wakamwagika mpaka kwenye mikeka. Alimtoa mwekundu, kisha roho ikamsuta, akamrudisha na kumwomba radhi. Siku tatu mkewe, Kinue, alitembea ndani ya nyumba yake kwa ncha za vidole kama mwizi.

Asubuhi ya siku ya nne Kinue alitoa kitu mdomoni akakiweka kando ya bakuli.

"Baba wee, supu yangu ya miso ina mdudu. Na mdudu ana ndoana."

"Huyo! Nimemtafuta tangu jana!"

"Nusura aninase mimi! Hebu acha mchezo. Chagua wale waliokuvulia samaki, basi."

Shigezo akatafuna figili yake ya kachumbari taratibu, kama mtu anayehesabu meno.

"Ni mmoja," alisema mwishowe.

"Mmoja nini?"

"Aliyenivulia samaki. Yule wa kahawia. Namfunga kwenye mshipi hapa hapa nyumbani, penye taa na miwani. Nikishafika mtoni siwezi kumbadilisha, tundu la ndoana silioni."

"Si uende na miwani?"

"Nionekane mzee?"

"Una miaka sabini na moja!"

"Samaki hawajui."

Kinue alicheka mpaka akashika nguzo ya nyumba. Miaka yote hiyo nzi mia tatu na thelathini na tisa walikuwa wakila vumbi tu! Lakini alikuwa mke mwenye huruma. Alimwambia atamfungia nzi watano kwenye mishipi mitano tofauti, naye mtoni awe anabadilisha mshipi mzima. Kitanzi cha mshipi kwenye ncha ya ufito wa kuvulia hata gizani mtu anakivisha. Shigezo akachagua wanne huku akitokwa jasho. Wa tano akashindwa kabisa, kati ya weusi wawili ambao Kinue aliwaona pacha.

"Wa tano niachie mimi," alisema Kinue.

Jumapili walijaa watu kumi na mmoja kando ya mto, na chupa zao za chai. Bi Fumiyo alivaa kofia mpya ya ukili, akashika daftari.

Shigezo akaanza na wa kahawia, kipenzi chake. Iwana mmoja akapanda, akamtazama, akarudi zake chini. Mwekundu alirushwa kwa madaha makubwa, akainasa kofia ya Bi Fumiyo na kuipeleka katikati ya mto.

"Anashika kofia," Bi Fumiyo aliandika bila kuinua macho.

Mweusi alikwenda kuishi juu ya mti. Wa manjano alimnasa Shigezo mwenyewe matakoni, ikabidi wanaume wawili wamwinamishe huku wengine wakitoa ushauri.

Akabaki wa tano. Shigezo alimfungua akamwona amevimba, wa kijivu, kama vumbi lililookotwa chini ya kabati.

"Huyo anaitwaje?" mwenyekiti aliuliza.

"Huyo… ni wa siri."

Akamrusha. Hata hajatulia majini, mto ukapasuka! Iwana mrefu kama mkono hadi kiwiko alimmeza, akavuta, na Shigezo akakaa kitako ndani ya maji bila kuachia ufito. Watu wakapiga kelele. Kabla ya chakula cha mchana alikuwa amenasa wengine watatu.

"Kafungwa kwa manyoya gani?" watu walimzonga. "Sungura? Kware?"

Shigezo alimsogeza mbali na macho, urefu wa mkono. Akaona uzi wa rangi ya chungwa katikati ya sufu ya kijivu. Alijua vizuri ile sufu. Akamgeukia mkewe, naye Kinue akawa anatazama mawingu.

"Ni manyoya ya… mnyama wa mbali," alisema Shigezo.

"Mnyama gani? Ubaoni lazima tuandike!"

"Ni mkanda wake wa kufunga tumbo wakati wa baridi," alisema Kinue. "Ameuvaa miaka kumi na tisa. Msiogope, niliufua."

"Ungeacha kuufua," alisema Bi Fumiyo, "labda samaki wangejitoa majini wenyewe."

Walicheka mpaka mmoja akamwaga chai yake, na Shigezo, aliyekuwa akitafuta pa kuficha uso, akajikuta anacheka kuliko wote. Ubao ukaandikwa: wa kahawia, mwekundu, mweusi, wa manjano, na "Tumbo la Shigezo". Wiki ile ile majirani walibisha hodi mmoja mmoja, kila mtu akiomba kipande kidogo tu, mpaka mkanda ukabaki upana wa utambi.

Jumamosi moja Shigezo alimkuta Kinue amechuchumaa mbele ya droo yake, mkasi mkononi.

"Kinue. Weka hiyo soksi chini."

"Nilikuwa nafikiria tu. Ina zambarau nzuri."

"Hiyo ya kulia ni nzima kabisa!"

"Basi lete ya kushoto."

Shigezo alisimama akawaza. Kisha akachomoa ya kushoto drooni, akampa, akakaa kando yake mkekani amshikie uzi.