Wimbo wa Sigbritt Kwenye Foleni ya Simu

Torgny Wahlström alikuwa anatafuta maneno matano. Maktaba ya muziki iliyowauzia watengeneza matangazo tuni zake haikupokea tuni isiyo na maneno matano, ili mnunuzi mwenye haraka asisumbuke kusikiliza. Kwa miaka kumi na tisa, katika nyumba ya kupanga ghorofa ya tatu mjini Gothenburg, alikuwa ametunga furaha za mtindi, huzuni za bima na matumaini ya benki. Safari hii aliandika: joto, nyumbani, subira, piano, mapenzi. Ulikuwa wimbo aliomtungia mkewe Sigbritt na kuupiga siku ya mazishi yake.

Mkataba ulikuja baada ya siku mbili. Kifungu cha kumi na moja kilisema wimbo ni mali ya maktaba milele, na mtunzi asiupige, asiuimbe hata kwa mdomo uliofumbwa, wala asiupigie mluzi bila kibali. Torgny akatia sahihi.

Sigbritt alirudi Jumatano ya kwanza ya Novemba, saa kumi jioni, giza likianza kuingia. Alivua skafu, akabaki na koti.

"Bado hawajatengeneza?" aliuliza, akigusa kipasha joto cha ukutani.

"Bado."

"Umewapigia?"

"Nawapigia, mke wangu. Unawajua."

Aliwajua. Baridi ya nyumba ile ilimkaa kifuani misimu miwili, na siku alipochukuliwa kupelekwa hospitali alikuwa wa ishirini na sita kwenye foleni ya simu ya kampuni inayomiliki jengo.

"Basi nipigie wimbo wangu. Kule kanisani niliusikia nusu tu, shangazi yako alikuwa anakohoa."

Torgny akakaa kwenye piano. Vibonyezo vilishuka na kupanda, sauti haikutoka. Akajaribu kuuimba kwa mdomo uliofumbwa, ikatoka pumzi tupu.

"Nimeuuza," akasema.

"Umeuza wimbo wa mazishi yangu?"

"Nilikuwa na shida."

"Shida gani?"

"Kodi."

"Ya nyumba hii?" Sigbritt alifunga kifungo cha juu cha koti. "Hongera, bwana."

Kwa aibu, Torgny akachukua simu na kuipigia kampuni, angalau mkewe apate joto. Mashine ikamwambia kwamba yeye ni muhimu sana, na ni wa thelathini na nne. Kisha piano ikaanza.

Aliitambua kabla Sigbritt hajageuka. Kampuni ilikuwa imetafuta "joto" na "subira", ikaupata wimbo wa kuwapigia wanaosubiri.

"Weka spika," Sigbritt akasema.

Wakaketi, simu ikiwa mezani kati yao. Wimbo uliisha, ukaanza tena. Sigbritt alifumba macho, na Torgny, ambaye hakuwa amelia kanisani, alilia walipofika nafasi ya kumi na nane.

Baada ya dakika hamsini mfanyakazi aitwaye Ylva akapokea.

"Ni kuhusu kipasha joto," Sigbritt akasema. "Niliripoti mwaka juzi."

"Wewe ndiye mpangaji, mama?"

"Nilikuwa. Nilikufa Septemba."

Ylva akabofya bofya. "Pole. Ila ukifa, ombi lako linafungwa. Itabidi ufungue jipya."

"Nikitaka kulifungua?"

"Nakurudisha kwenye foleni."

"Nirudishe, mwanangu."

Tangu hapo alikuja kila Jumatano. Mzee Algot, aliyeanguka na kufa kwenye ngazi ambazo taa yake haikuwahi kubadilishwa, alisikia habari, naye akaja na malalamiko yake. Wakafuata marehemu wawili wa ghorofa ya tano. Torgny aliwapikia kahawa, wakaishika vikombeni kupasha vidole. Hakuna aliyekata simu. Majirani walio hai walilalamika kidogo kwamba foleni imekuwa ndefu.

Mwezi Januari Malte wa maktaba alipiga simu kutoka Stockholm, sauti imejaa furaha.

"Kaka, umewamaliza! Kampuni inasema watu hawakati simu tena. Wanataka mwingine kama ule, wa saa nzima."

"Saa nzima kwa nini?"

"Wamepunguza wapokea simu. Muziki unatosha."

"Na vipasha joto?"

"Hilo hawakulitaja. Unaandika, huandiki?"

Aliandika. Alitunga akiwa amevaa glavu zilizokatwa ncha, na Sigbritt akiwa kando yake na koti lake, akimsahihisha.

"Hapo usimalizie," alimwambia jioni moja, akiweka kidole kwenye karatasi.

"Lazima uishe mahali, Sigbritt."

"Ukiisha, mtu anapokea, na Jumatano yetu imekwisha," akasema. "Zungusha."

Torgny akafuta mwisho, akauzungusha urudi mwanzo, akautuma.