Mkono wa Kulia wa Teodori

Kiharusi kilimkuta Teodori wa Mollo akivuna ulezi. Upande wote wa kulia ukalegea, na maneno yakawa yanamtoka vipande vipande. Mkewe, Marsiana, akampeleka hospitali mjini Sumbawanga kwa msaada wa majirani.

Huko, mtaalamu wa fiziotherapia aitwaye Winifrida alimfundisha Marsiana namna ya kumsimamisha mgonjwa, kumkunja goti na kumzoesha kuukanyagia mguu mbovu. Kisha akaushika mkono, akanyoosha kiwiko taratibu, akafungua kidole kimoja kimoja.

"Mkono ndio watu wanaousahau, mama. Usiponyooshwa kila siku, utakakamaa hivyo hivyo ulivyojikunja. Ukishafika huko, hata mimi sitaufungua."

"Nimeelewa, mwanangu."

Alikuwa ameelewa vizuri. Mkono ule ndio uliowahi kumvunja taya. Uliharibu mimba yake ya pili, ndiyo maana walikuwa na mtoto mmoja tu, Salome.

Nyumbani Marsiana aliushughulikia mguu bila uvivu, maana alichoka kumbeba mumewe hadi chooni. Teodori akaanza kusimama akishika ukuta, hatimaye akawa anatembea uani kwa fimbo. Majirani waliotoka misa walisimama kumpongeza.

"Mke kama huyu ungempata wapi, Teodori?"

Mkono hakuugusa. Teodori aliuinua kwa mkono wake mzima, akamwelekezea. "Nyo... nyoosha."

Marsiana akaacha kupepeta ulezi, akaja kuchuchumaa mbele yake. "Unauma?"

Teodori akaitikia kwa kichwa, machozi yakimlenga.

"Haya," akasema, akarudi kwenye ungo wake.

Waliporudi hospitali, Winifrida alijaribu kufungua vidole, Teodori akapiga ukelele. Kucha zilikuwa zimezama kiganjani, na kidonda kinanuka.

"Mama, mkono mnaunyoosha kweli?"

"Kila siku."

Teodori akatikisa kichwa kwa nguvu, akigumia.

"Pole, baba, najua unauma," Winifrida akambembeleza. "Lakini usimlaumu mama. Si unaona mguu ulivyopona?"

Salome alikuja kutoka Kasanga, alikoolewa, kumwona baba yake. Aliutazama mkono ule uliokunjamana kifuani, akamfuata mama yake jikoni.

"Mama, hukuambiwa?"

"Niliambiwa."

Salome akalitazama taya la mama yake. Alichemsha maji, akapunguza kucha kwa wembe, akaosha kidonda. Teodori akaing'ang'ania kanga ya bintiye kwa mkono wa kushoto.

"Ho... hospitali. Nipe... nipeleke."

Salome akaichomoa kanga polepole.

"Mguu unatosha, baba," akasema.

Asubuhi yake akamsalimia shikamoo kama kawaida, akapanda gari la Kasanga.