Mpini wa Kikaango

Figo zilipomwangusha, watu walidhani Fundi Koti atauza cherehani. Alirudi dukani na mrija tumboni. Mara kadhaa kwa siku alijifungia chumbani, akaingiza maji ya dawa tumboni, akayaacha yanyonye uchafu uliozishinda figo, kisha akayamwaga.

Jikoni alitawala dada yake mkubwa, aliyehamia kumuuguza. Zamani, kabla ya mrija, daktari aliwaambia wapunguze nyama na mayai, figo zisielemewe. Dada alilishika neno hilo kama amri. Kila siku wali mweupe na mboga za majani, na ole wake aliyeleta samaki.

Miezi ikapita, mkasi ukawa mzito mkononi mwa Fundi Koti. Miguu ilivimba, nywele zikakatika. Kliniki, muuguzi alimweleza kuwa maji yale hayaondoki na uchafu peke yake. Yanabeba na protini ya mwili. Asipoirudisha kwa chakula, ni kutia maji kwenye pakacha. Sasa ale mayai, samaki, kuku.

Dada hakutaka kusikia. Alisema wauguzi wanabadili maneno kama nguo, na yeye aliyemzika mama yao kwa ugonjwa huohuo haziki mwingine.

Fundi Koti aliingia jikoni, akavunja mayai kikaangoni. Dada akaudaka mpini.

"Unataka nikuzike?"

"Unanizika sasa hivi, dada, kijiko kwa kijiko. Achia."

Hakuachia. Mayai yakaanza kuungua, nao wameng'ang'ania mpini mmoja. Mwishowe dada aliuona mkono wa mdogo wake karibu na wake, mifupa mitupu, vidole vikamlegea. Fundi Koti aliyala yamewiva kupita kiasi, kasimama wima, akimtazama usoni.

Siku ya kliniki iliyofuata dada alivaa viatu akafuatana naye, akamhoji muuguzi mpaka foleni ikanung'unika. Jioni akaweka kipande cha samaki mezani, uso kaukunja.

"Kula. Ukizidi kuvimba, usinililie."

Fundi Koti alikila mpaka kwenye miiba, akasukuma sahani mbele.

"Ongeza."

Akaongezwa. Uvimbe ulichukua muda kupungua, na nywele zilirudi chache tu. Ila mteja aliyekuja kumshauri apumzike, aliambiwa anyooshe mikono apimwe, au ampishe mwenzake.